Niwafundishe watoto wa Bhopal kuandika programu kwa Kihindi au kwa Kiingereza?

BARUA

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa tisa tangu niolewe na kuhamia Bhopal, mji mkuu wa jimbo la Madhya Pradesh nchini India. Kabla ya kuolewa nilisoma stashahada ya kompyuta Dar es Salaam. Kihindi nilijifunzia jikoni kwa mama mkwe na sokoni, na sasa nakisema kutwa nzima. Hata hivyo jambo linalonisumbua nimeona niliandike kwa lugha yangu, kwa mtu aliyefundisha watoto, kwa sababu hapa nyumbani kila ninayemuuliza tayari ana upande wake.

Kila Jumamosi asubuhi nawafundisha watoto 14 wa mtaa wetu kuandika programu. Wana umri wa miaka 11 hadi 14, na wote wanasoma shule za serikali ambako masomo hutolewa kwa Kihindi. Kiingereza kwao ni somo moja kati ya masomo, wanalikariri kwa ajili ya mtihani na baada ya mtihani linawatoka. Tuna kompyuta tano zilizokwisha kutumika ambazo tumezipanga katika chumba cha chini, na lugha ya programu niliyoanza nayo ni Python, kwa kuwa ndiyo niliyoona inafundishwa kila mahali.

Siku ya kwanza niliandika ubaoni mstari mmoja wenye amri ya "print" na jina la mtu ndani ya alama za kunukuu. Watoto wakaandika, majina yakatokea kwenye skrini, wakafurahi. Binti mmoja wa miaka 12 hakuitazama skrini yake. Aligeukia printa ya zamani iliyo pembeni, ambayo hatujaiwasha kwa miaka, akasubiri, kisha akaniuliza, "Didi, kaagaz kahaan hai?", yaani, "Dada, karatasi iko wapi?" Neno "print" alikuwa akilisikia kwenye duka la kutolea nakala, na kwa anavyolijua yeye, huwezi kulisema bila karatasi kutoka. Nilimweleza, akaitikia kwa adabu. Sasa ni mwezi wa nne tangu siku hiyo, anainakili mistari yangu bila kukosea hata nukta, na nikifuta ubao hawezi kuniambia mstari hata mmoja ulikuwa unafanya nini.

Wiki mbili zilizopita umeme ulikatika katikati ya somo, tukatoka kukaa kivulini. Ili muda usipotee niliwaomba wanieleze kabaddi, mchezo wanaoucheza kila jioni, kana kwamba sijawahi kuuona. Aliyesimama ni binti huyohuyo. Alisema kwamba mvamizi akishaingia upande wa wapinzani lazima aendelee kutamka "kabaddi, kabaddi" maadamu pumzi haijakatika. Kwamba akimgusa mpinzani na kurudi upande wake salama, anapata pointi. Na kwamba la sivyo, akikamatwa au pumzi ikimkatikia, ametoka. Alitumia "jab tak" (maadamu), akatumia "agar" (kama) na "to" (basi), akamalizia na "nahin to" (la sivyo), kila neno mahali pake. Umeme uliporudi nilimwambia kwamba hicho alichokisema ndicho tunachokiandika humu ndani. Alikaa mbele ya kibodi, akaandika "if", yaani "agar" ya Kiingereza, akaishia hapo.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kama nisianze upya kwa Kihindi. Mume wangu, ambaye kazi yake ni kuandika programu, anapinga kabisa. Anasema hakuna kampuni itakayomwajiri mtu kwa kuandika programu za Kihindi, na kwamba watoto wa maskini ndio wa mwisho wanaopaswa kufanyiwa majaribio. Baba mkwe, mwalimu mstaafu wa Kihindi, anasema kinyume chake kwa nguvu ileile. Ananikumbusha kwamba hapahapa Bhopal, mwezi Oktoba 2022, vilizinduliwa vitabu vya kufundishia udaktari kwa Kihindi, na anauliza kama udaktari unawezekana, kompyuta imekuwa nini hata ishindikane. Ameanza kuniandalia orodha ya istilahi safi. Kompyuta ameiita "sanganak". Nilipoisoma darasani watoto walicheka, kwa sababu wao wanasema "kampyutar".

Naomba unieleze, Mwalimu, kama kuandika programu kwa Kihindi kuna faida ya kweli kwa mtoto, au ni kumliwaza tu kisha aje kuteseka baadaye. Na kama faida ipo, nianzie wapi na niishie wapi? Sipendi kumvunjia heshima baba mkwe, wala sipendi kumpuuza mume wangu, ambaye ndiye aliyetafuta zile kompyuta tano.

Mama wa Jumamosi, Bhopal

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Binti yako aliposimama kivulini alitunga programu. "Endelea kutamka maadamu pumzi ipo" ni mzunguko, na "akirudi salama pointi, la sivyo ametoka" ni sharti lenye matawi mawili. Vitu hivyo ndivyo vinavyowasumbua wanaoanza kila mahali duniani, na yeye alivipanga bila kusaidiwa, kwa mpangilio sahihi. Kwa hiyo fikra anazo, na kilichomkwamisha mbele ya kibodi ni kwamba alitakiwa kuzitoa kupitia lugha ambayo kwake ni sauti tupu. Ushauri wangu ni huu: anza upya kwa Kihindi, tena Kihindi chao cha uwanjani, baki hapo mpaka fikra zikomae, kisha wavushe kwenye Kiingereza cha programu kwa makusudi na kwa hatua, wala usiwaache wavuke peke yao. Nitakueleza kwa nini, na pia wapi nadhani mume wako ana haki, kwa sababu anayo.

Nilifundisha kompyuta sekondari kwa miaka mingi, nikiwapokea kidato cha kwanza watoto waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili na ghafla kukuta kila somo ni Kiingereza. Nawajua hao wanaonakili bila kukosa nukta. Mwalimu mgeni huwasifu kwa unadhifu wa daftari, na inachukua muda kugundua kwamba mtoto anachora maumbo. Wako wameshakuonyesha hali hiyo mapema, na hilo ni jambo la kushukuru.

Wala usidhani kwamba watoto wako ni kundi dogo lililobaki nyuma. Katika sensa ya India ya mwaka 2011, watu wapatao milioni 528 walitaja Kihindi kuwa lugha yao ya mama, ilhali waliotaja Kiingereza walikuwa kama 256,000 tu. Ukijumlisha na wote waliosema wanakijua Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu, unafika kama milioni 129, yaani takribani mtu mmoja katika kila kumi. Somo linaloanza kwa Kiingereza huko uliko linaanza kwa kuwaacha nje watu wengi mno.

Ushahidi kwamba lugha ya mtoto humharakisha upo. Mwaka 2017 watafiti Sayamindu Dasgupta na Benjamin Mako Hill walichapisha utafiti uliotokana na kumbukumbu za watoto wanaotumia Scratch, ile programu ya kufundishia ambayo mtoto hujenga kwa kuunganisha vipande vya rangi badala ya kuandika. Waliwalinganisha watoto wa nchi ambazo Kiingereza si lugha ya watu wengi, na waliona kwamba wanaoanza ambao maneno ya vile vipande yalikuwa katika lugha ya nchi yao walizifikia dhana mpya kwa kasi zaidi kuliko wenzao wa nchi hizohizo walioviacha vipande katika Kiingereza. Kompyuta haikubadilika, wala kazi haikubadilika; kilichobadilika ni maneno yaliyoandikwa juu ya vipande.

Sasa nimgeukie mume wako. Yeye kama mwandishi wa programu anajua kwamba maneno ya amri ni machache. Python ina maneno tengwa, yaani yaliyotengwa kwa ajili ya amri, 35 tu, na mtoto wa miaka 12 anaweza kuyakariri kwa mwezi mmoja. Basi shida iko wapi? Iko nje ya hayo 35. Hata "print" iliyomgeuza binti yako kutazama printa haimo katika orodha hiyo. Ni moja ya maelfu ya majina ya Kiingereza yanayoizunguka lugha: majina ya kazi ambazo kompyuta huamriwa kufanya, ya maktaba, yaani mikusanyo ya programu zilizokwisha kuandikwa, maelezo ya matumizi, majibu ambayo watu huandikiana mtandaoni na, zaidi ya yote, ujumbe wa kosa, ambao huja wakati mtoto ameshachanganyikiwa na kumwongezea mkanganyiko kwa lugha asiyoisoma. Kwa hiyo mtu akitafsiri maneno 35 na kukuambia sasa watoto wataandika programu kwa Kihindi, amekupa mlango bila nyumba. Jambo hilo limejaribiwa kwa lugha za India zenyewe. Miaka ya 2000 ulitokea mfumo uitwao Hindawi, uliomwezesha mtu kuandika programu kwa Kihindi, na miaka hiyohiyo Muthiah Annamalai alitunga Ezhil, lugha ya programu ya Kitamil. Ni kazi za kuheshimiwa, na walioanzia humo walifaidika. Lakini hazikuzungukwa na vitabu, maktaba, waajiri na mafundi wa kutosha kumfikisha mwanafunzi mbali.

Mahali vitu hivyo vilipokuwepo, mambo yalikwenda vingine. Nchini Urusi kampuni iitwayo 1C ina mfumo wa uhasibu na biashara ambao lugha yake ya ndani huandikwa kwa maneno ya Kirusi: "kama" ni "Yesli", "basi" ni "Togda", kwa herufi zao wenyewe. Watu wengi huishi kwa kuandika programu hizo, kwa sababu anayezihitaji ni mhasibu Mrusi, sheria za kodi ni za Kirusi, na maelezo yote yapo kwa Kirusi. Mfano huu mpe baba mkwe, utampendeza, na umwombe aone kilichoubeba: soko zima nyuma ya lugha.

Nchini India soko hilo lina ugumu wake wa pekee, na hapa mume wako ana hoja nzito kuliko aliyokueleza. Kazi nyingi za programu ziko Bengaluru, Hyderabad na Chennai, na katika miji hiyo watu wanasema Kikannada, Kitelugu na Kitamil. Katiba ya India inaorodhesha lugha 22, na mwaka 1965 watu wa jimbo ambalo leo linaitwa Tamil Nadu waliingia barabarani kupinga Kihindi kisichukue nafasi ya Kiingereza serikalini. Programu iliyoandikwa yote kwa Kihindi ikipelekwa Chennai itakuwa ngeni huko kama ilivyo ngeni "if" kwa binti yako. Watoto wako watakaoifanya kazi hii watakaa meza moja na Watamil na Watelugu, na kitakachowakutanisha ni kile Kiingereza kidogo cha programu. Ndiyo maana nasema wavushwe. Nachokataa ni kudai kwamba, kwa kuwa safari inaishia ng'ambo, basi mtoto aanze kwa kutupwa majini.

Tena kuna jambo ambalo sisi Waswahili hatulihisi haraka, nami nataka ulitazame kwa karibu. Tunaposema "chapa jina", kitenzi kinatangulia na jina linafuata, sawasawa na Kiingereza cha programu. Kihindi huweka kitenzi mwishoni: "naam chhapo", jina chapa. Ukitafsiri neno moja moja na kumfanya mtoto aandike "chhapo naam", umemwandikia Kiingereza kwa herufi za Kidevanagari, zile za kuandikia Kihindi, na sikio lake litakataa bila yeye kujua kwa nini. Vilevile "jab tak" aliyoitumia kwenye kabaddi: yenyewe ina maana ya "maadamu", lakini ikifuatwa na kikanusho, hugeuka kuwa "mpaka". Mtoto anayesema "jab tak saans na toote", mpaka pumzi ikatike, na anayesema "jab tak saans hai", maadamu pumzi ipo, wanaeleza mzunguko uleule kwa masharti yaliyo kinyume. Hiyo ni nusu saa ya somo zuri kuliko yote utakayotoa mwaka huu, na huwezi kulitoa kwa Kiingereza. Waandike zote mbili ubaoni, wabishane ipi ni ipi, na umkaribishe baba mkwe awe mwamuzi.

Kuhusu orodha yake ya istilahi, mwambie kwa upole kwamba sisi pia tuna "tarakilishi" na "ngamizi", maneno yaliyotungwa kwa nia njema kabisa, na bado mtaani watu wanasema "kompyuta". Neno ambalo mtoto halisemi nyumbani halimsaidii kufikiri, liwe la Kisanskriti kama "sanganak" au la Kiingereza. Hata vile vitabu vya udaktari vya Bhopal anavyojivunia, na ana haki ya kujivunia, viliacha istilahi nyingi za Kiingereza jinsi zilivyo na kuziandika tu kwa herufi za Kidevanagari, kwa sababu ndizo zinazosemwa wodini. Fanya hivyohivyo. "Kampyutar" ibaki "kampyutar".

Kwa kazi yenyewe, miezi miwili ya kwanza tumia Scratch katika Kihindi kwa wale wadogo, na Hedy kwa wanaoweza kuandika. Hedy ilianzishwa mwaka 2020 na Felienne Hermans wa Uholanzi. Inampandisha mtoto ngazi kwa ngazi kuelekea Python, maneno yake ya amri yanaweza kuwa ya Kihindi, na unaweza kuyabadilisha yakawa ya Kiingereza huku programu ikibaki ileile. Hicho ndicho chombo cha kuvushia. Utakapofika wakati, mtoto atayaona maneno yake mwenyewe yakigeuka, mstari ukiwa palepale, na hatahitaji kukariri kitu kipya isipokuwa majina.

Jiandae na kibodi, maana itakutesa kuliko sarufi. Mpangilio rasmi wa kibodi ya Kihindi, uitwao INSCRIPT, umejaza herufi za Kidevanagari mahali pa alama ambazo programu haiwezi kuishi bila hizo. Kitufe cha alama ya sawasawa huandika alama ya irabu. Kitufe cha mabano ya mraba huandika ड. Cha nukta-mkato huandika च. Mtoto atahitaji kuhama kati ya mipangilio miwili ndani ya mstari mmoja, kwa hiyo wafundishe kitufe cha kuhamia siku ya kwanza na kibandike karatasi ya rangi.

Baadaye, mkirudi kwenye Python, acheni amri zibaki za Kiingereza, lakini majina ya vigeu, yaani visanduku vya kuhifadhia thamani, yawe ya Kihindi. Python 3 inayakubali hata kwa Kidevanagari: दूध, yaani maziwa, ni jina halali. Wengine watapenda kuandika Kihindi kwa herufi za Kilatini, kama wanavyoandika ujumbe kwenye simu, na hilo linawapunguzia kuhama kibodi. Ubaya wake ni kwamba Kihindi cha simu hakina tahajia moja. Mtoto ataandika "doodh" mstari wa kwanza na "dudh" mstari wa tano, na kompyuta itamwambia haikijui kitu hicho. Mimi ningewaachia wachague, ila kila mmoja ashikilie alichochagua mpaka mwisho wa programu.

Zoezi langu la kwanza lingekuwa hesabu ya muuza maziwa. Naamini katika nyumba nyingi za mtaa wenu kuna kalenda ukutani yenye alama kila siku maziwa yasipoletwa, na siku hiyo inaitwa "naga". Kila mtoto ameshamsikia mama yake akibishana juu ya naga mwisho wa mwezi. Basi, lita 2 kwa siku, mwezi wa siku 30, naga 4, bei rupia 60 kwa lita: siku 26, lita 52, rupia 3,120. Waandike kwanza kwa Kihindi kwenye karatasi, sentensi nzima, kisha iwe programu yenye majina "litar", "naga" na "daam", yaani bei. Wakimaliza, waongeze sharti: kama naga zimezidi tano, programu itoe onyo. Hapo neno "if" litaingia likiwa na kazi ya kufanya, kwa sababu mtoto tayari ana "agar" yake inayosubiri mahali pa kukaa.

Ujumbe wa makosa utengenezee daftari la darasa. Mwanzoni watoto hukutana na aina chache tu, NameError, SyntaxError, IndentationError na TypeError, basi kila aina ipewe ukurasa wake. Anayekutana na kosa kwa mara ya kwanza ndiye anayeandika, kwa Kihindi chake, maana yake na alivyolitatua. Kazi hii naomba umkabidhi mume wako. Si lazima abadili msimamo. Mwombe tu aje Jumamosi moja kila mwezi kulipitia daftari na kusahihisha maelezo. Atakuwa anawafundisha Kiingereza cha kazi, jambo analolitaka, na watoto watakipokea wakiwa wanajua kinazungumzia nini. Kwa wale watakaotaka kusonga mbele wenyewe, mradi wa Spoken Tutorial wa chuo cha teknolojia cha IIT Bombay una masomo ya video ya programu huria, Python ikiwemo, yaliyowekewa sauti ya Kihindi huku msimbo, yaani mistari ya programu, ukibaki wa Kiingereza. Ni njia ileile ninayokushauri, na wengi wameshaipitia.

Umeuliza uishie wapi. Mimi nisingepima kwa miezi. Mpe mtoto programu ya mwenzake, kompyuta ikiwa imezimwa, na umwombe akueleze kwa Kihindi itafanya nini. Akiweza, na akaweza pia kusema itaharibika wapi ukibadilisha namba moja, huyo yuko tayari, avuke wiki hiyohiyo bila kuwasubiri wenzake. Asipoweza, Kiingereza hakitamsaidia, hata awe na miaka 14. Ila usimcheleweshe aliye tayari kwa sababu ya kumpendeza baba mkwe. Mtoto anayetaka kutengeneza kitu chake na kunyimwa maneno ya kukitengenezea atakata tamaa sawasawa na yule aliyezidiwa na maneno.

Nyumbani usiitishe kikao cha kuamua nani ameshinda. Mpelekee baba mkwe karatasi za Kihindi za hesabu ya maziwa azisahihishe kwa kalamu nyekundu kama alivyozoea, na jioni hiyohiyo mwonyeshe mume wako programu iliyotokana na karatasi hizo. Wote wawili watakuwa wamesoma kazi ya mtoto mmoja.

Na ile printa ya pembeni, kama bado inaweza kuwaka, tafuta wino na uiunganishe siku binti yako atakapomaliza hesabu ya mwezi wa nyumbani kwao. Mwonyeshe namna ya kuitoa kwenye skrini, aione karatasi aliyoiulizia siku ya kwanza, ampelekee mama yake kabla muuza maziwa hajaja kudai.